Maji ya Uti wa Mgongo Yanasema Nini? Kinga ya Mwili na Ugonjwa wa Prioni

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowaogofya watu wengi mpaka wakamtoa mgonjwa wodini kabla ya wakati wake. Jambo hilo ni sindano ya mgongo. Nitaeleza maji yanayotolewa mgongoni ni maji gani, daktari hutafuta nini ndani yake, na kinga ya mwili huacha alama gani humo. Kisha nitaeleza ugonjwa mmoja adimu wa ubongo uitwao ugonjwa wa prioni. Ugonjwa huu uliwashangaza wataalamu kwa miaka mingi, kwa sababu ubongo uliharibika huku kinga ya mwili ikionekana kana kwamba imelala.

Pengine utaishi miaka yako yote usikutane nao. Lakini ukiuelewa, utajua kwa nini mtu aliyechanganyikiwa akili kwa ghafla anastahili kupimwa maji hayo kabla ya mtu yeyote kutamka neno uchawi, laana au uzee.

Maji haya ni nini?

Msikilizaji mpenzi, ubongo haukai mkavu ndani ya fuvu. Unaelea katika maji maangavu kama maji ya chemchemi. Maji hayo hutengenezwa ndani ya ubongo wenyewe, huuzunguka, huteremka mpaka mgongoni, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Kazi yake ni kuukinga ubongo usigongwe-gongwe, na pia kuusafisha kwa kubeba taka.

Mtu mzima ana mililita 150 hivi za maji haya kwa wakati mmoja, yaani kama nusu ya chupa ndogo ya soda. Lakini kila siku mwili hutengeneza mililita 500 hivi. Maana yake ni kwamba maji hayo hubadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku moja. Kwa hiyo daktari akichukua mililita 10 za mtu mzima, au moja mbili tu za mtoto mchanga, mwili hurudisha kiasi hicho kwa muda wa saa chache. Mgonjwa hakaushwi maji ya mgongo. Ni kama kuchota kikombe kimoja katika mtungi ambao bomba lake linaendelea kutiririka.

Je, sindano hiyo hupoozesha?

Hili ndilo swali ambalo akina mama huuliza kila mara, na ni swali la haki. Ndani ya pingili za mgongo mna kamba ya neva inayotoka kwenye ubongo, iitwayo ugwe mgongo. Kwa mtu mzima, kamba hiyo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo kamba imekwisha na kumebaki nyuzi za neva zinazoelea majini. Kwa mtoto mchanga kamba hufika chini kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo daktari huchagua nafasi ya chini zaidi.

Sindano hii ina madhara yake, nami sitawaficha. Wengine huumwa na kichwa siku moja au zaidi, hasa wakisimama, na wengine huumwa na mgongo. Kutokwa na damu ndani au kuingiwa na vijidudu hutokea kwa nadra. Ndiyo maana daktari humchunguza mgonjwa kwanza. Akiona dalili kwamba presha ndani ya fuvu imepanda sana, au damu ya mgonjwa haigandi vizuri, au ngozi ya kiunoni ina kidonda, huahirisha kipimo. Wewe mlezi una haki ya kuuliza, "Daktari, umemwangalia kama anaweza kuchomwa?"

Basi kwa nini tunasikia kwamba mtoto fulani alitolewa maji ya mgongo akafariki? Mara nyingi mtoto huyo alifikishwa hospitalini akiwa mahututi kwa homa ya uti wa mgongo, na sindano ikafanywa kwa sababu alikuwa mahututi. Ugonjwa ndio uliomchukua, lakini sindano ndiyo iliyobebeshwa lawama. Na kila lawama ya namna hiyo ikienea kijijini, mama mwingine hukataa kipimo, naye mtoto wake hukosa dawa iliyo sahihi.

Alama za kinga ndani ya maji

Sasa tuingie maabara. Fundi wa maabara akipata maji hayo huangalia rangi, huhesabu chembe nyeupe, hupima sukari na protini, na hutafuta vijidudu.

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Katika maji ya mtu mzima mwenye afya, askari hao ni wachache mno: kati ya 0 na 5 katika kila maikrolita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Lakini mtu akiwa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, askari huwa mamia au hata maelfu katika tone hilo hilo. Maji huwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Sukari hushuka na protini hupanda. Hapo daktari hajiulizi mara mbili, huanzisha dawa. Kwa kweli, mgonjwa akiwa mahututi, dawa huanzishwa hata kabla ya majibu kutoka.

Kifua kikuu kikiingia katika utando wa ubongo, huvuta aina nyingine ya askari. Kuvu inayowashambulia watu wenye virusi vya Ukimwi ni ya hila zaidi: kwa sababu kinga ya mgonjwa imedhoofika, askari wanaweza kuwa wachache sana ingawa kuvu wamejaa. Kwa hiyo maabara huitafuta kuvu yenyewe, haitegemei hesabu ya askari peke yake.

Zaidi ya askari, kuna wajumbe. Chembe za kinga huzungumza kwa kemikali ndogo ndogo ziitwazo saitokaini. Baadhi ya wajumbe hawa hupiga mbiu: "Njooni, kuna adui!" Wengine hutuliza: "Punguzeni vita, msije mkabomoa nyumba yetu wenyewe." Wajumbe hawa pia hupatikana katika maji ya mgongo, lakini kuwapima kunahitaji vyombo maalumu ambavyo kwa kawaida huwa katika vituo vya utafiti.

Hivyo ndivyo kinga inavyoandika habari zake katika maji ya uti wa mgongo. Shida huja pale ugonjwa unapoingia kimya kimya.

Ugonjwa wa prioni ni nini?

Magonjwa mengi ya kuambukiza huletwa na kitu chenye uhai wake: bakteria, virusi, kuvu au minyoo. Prioni si mojawapo ya hivyo. Prioni ni protini. Kila mmoja wetu, hata mtoto wako aliyelala mgongoni sasa hivi, ana protini hiyo katika ubongo wake ikiwa katika umbo lake jema. Ugonjwa huanza pale protini hiyo inapokunjika vibaya. Ile iliyokunjika vibaya huigusa iliyo jirani nayo, nayo hukunjika vivyo hivyo, kisha ya tatu na ya nne.

Fikiria mama anayesuka kiondo. Akikosea mshono mmoja, na kila mshono unaofuata ukafuata lile kosa, kiondo chote huharibika ingawa uzi ni ule ule mzuri. Ndivyo ubongo unavyoharibika. Chembe zake hufa, na nyama ya ubongo hupata vitundu vidogo vidogo kama sponji.

Mtaalamu wa Marekani, Stanley Prusiner, ndiye aliyebuni jina prioni mwaka 1982. Wengi walimpinga, kwa sababu ilikuwa vigumu kuamini kwamba protini tupu inaweza kueneza ugonjwa. Mwaka 1997 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Ugonjwa wa prioni unaojulikana zaidi kwa binadamu ni ule wa Creutzfeldt-Jakob, uliopewa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani walioandika habari zake mwaka 1920 na 1921. Huwapata mtu mmoja au wawili kati ya watu milioni moja kwa mwaka, na wengi wao ni wa umri wa miaka 60 na kuendelea. Mgonjwa huanza kusahau, kupepesuka, kuona vibaya, na misuli yake hushtuka-shtuka. Jambo la kutisha ni kasi yake. Usahaulifu wa kawaida wa uzee huchukua miaka, lakini huu huchukua majuma na miezi, na wagonjwa wengi hufariki kabla ya mwaka kwisha. Hadi leo hauna dawa ya kuuponya.

Katika wagonjwa 100, takriban 85 huupata bila sababu yoyote inayojulikana. Hawakula kitu, hawakugusa mtu, hawakukosea mtu. Sehemu iliyobaki, karibu yote, ni wale waliorithi kasoro katika jeni. Wachache mno waliupata kwa njia ya matibabu ya zamani, kwa mfano homoni ya kukuza watoto iliyotolewa katika maiti, ambayo Marekani na Uingereza ziliacha kuitumia mwaka 1985.

Habari za akina mama wa Fore

Napenda mjue habari za jamii moja, kwa kuwa walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto. Katika milima ya Papua New Guinea kuna watu waitwao Fore. Mwaka 1957 madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek walianza kuandika habari za ugonjwa ulioitwa kuru, maana yake kutetemeka. Mgonjwa alianza kwa kupepesuka, akashindwa kutembea, akashindwa kuketi, kisha akashindwa kumeza. Tangu mwaka huo wa 1957, zaidi ya watu 2,700 waliandikwa kuwa wamekufa kwa kuru. Vijiji vingine vilibaki na wanaume wengi na wanawake wachache, na watoto wengi wakawa yatima.

Watu wa Fore waliamini kuwa huo ni uchawi. Walitafuta wachawi, wakashutumiana, na wengine wakauawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Kumbe chanzo kilikuwa katika desturi ya maombolezo. Jamaa walikula mwili wa marehemu wao kwa upendo, ili asiachwe aoze peke yake ardhini. Wanawake na watoto ndio waliokula zaidi ubongo, ambamo prioni zilijaa. Tusiwacheke. Walikuwa wakiomboleza kwa njia waliyofundishwa na wazee wao, na hakuna aliyejua.

Desturi hiyo ilipoachwa kuelekea miaka ya 1960, watoto waliozaliwa baadaye hawakuugua. Na hapa pana faraja kwa akina mama: wanawake waliokuwa na kuru walizaa na kunyonyesha, wala haikuonekana kwamba watoto wao waliupata ugonjwa kwa kuzaliwa au kwa kunyonya. Lakini prioni ni mvumilivu. Baadhi ya watu waliokula wakiwa watoto waliugua baada ya miaka 40 na zaidi.

Miaka hiyo yote madaktari walishangazwa na jambo moja. Ugonjwa ulienea kama maambukizi, lakini mgonjwa hakuwa na homa. Walipopima maji ya uti wa mgongo, hawakukuta askari. Maji yalikuwa maangavu, kana kwamba hakuna vita yoyote.

Kwa nini askari hawaji?

Jibu liko katika yale niliyoeleza juu ya kiondo. Askari wa mwili hufundishwa kuwaacha wenyeji na kuwakamata wageni. Prioni ni mwenyeji. Imetengenezwa na mwili wenyewe, ila imekunjika vibaya. Askari wakiiona, huiona kama mtoto wa nyumbani, hupita zao. Mwili hautengenezi kingamwili dhidi yake kama unavyofanya kwa surua. Ndiyo maana mgonjwa hana homa, na hesabu ya chembe nyeupe katika maji ya mgongo kwa kawaida haipandi.

Lakini wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ubongo una walinzi wake wa ndani ambao hawatoki kwenye damu. Huitwa maikroglia. Kazi yao ni kuzoa taka na kulinda. Wataalamu walipochunguza ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa prioni, waliwakuta walinzi hawa wamefura na kuongezeka, wamezunguka mahali palipoharibika. Kumbe kinga haikulala. Vita ilikuwa ikipiganwa ndani ya nyumba, milango imefungwa.

Na mshindo huo hupenya kidogo ndani ya maji. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walitoa habari kwamba wajumbe wawili, intalukini 4 na intalukini 10, wamepanda katika maji ya mgongo ya wagonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Hawa ni wajumbe wa aina ile ya kutuliza. Ni kana kwamba ubongo ulikuwa ukijaribu kuzima moto wake wenyewe. Baadaye alama nyingine iitwayo YKL-40, inayotoka kwa chembe zinazouhudumia ubongo, nayo ilionekana kupanda.

Je, alama hizi zinatosha kumwambia mtu kuwa ana ugonjwa wa prioni? Hapana. King'ora hukwambia kuna moto, hakikwambii ni nyumba ya nani. Alama hizo hizo zinaweza kupanda katika magonjwa mengine ya ubongo. Ndiyo maana madaktari hutumia vipimo vingine pamoja nazo. Tangu mwaka 1996 wametumia protini iitwayo 14-3-3, inayovuja kutoka kwa chembe za ubongo zinazokufa, ingawa nayo huvuja hata kwa mtu aliyepatwa na kiharusi. Siku hizi kuna kipimo cha RT-QuIC. Maabara huchukua maji ya mgongo ya mgonjwa, huyachanganya na protini njema, huyatikisa, kisha huangalia kama ile njema itakunjika vibaya. Kipimo hiki huwatambua takriban wagonjwa 9 kati ya 10, na ni nadra kumsingizia mtu asiye na ugonjwa. Picha ya ubongo ya MRI nayo husaidia sana.

Onyo kuhusu dawa za kuongeza kinga

Akina mama, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu akisikia "kinga" atatokea muuzaji sokoni na chupa yake: "Huyu kinga yake imeshuka, mnunulie hii." Katika ugonjwa huu mambo si mepesi hivyo. Kwa panya wa maabara, kuwazuia maikroglia wasiongezeke kupita kiasi kulichelewesha ugonjwa. Lakini panya walipoondolewa karibu maikroglia wote, waliugua haraka zaidi. Maana yake walinzi wale wale husaidia na pia hudhuru. Ikiwa wataalamu wenyewe bado wanapima mizani hiyo, muuzaji wa chupa ataijulia wapi? Pesa hizo zinunue maziwa, sabuni na nauli ya kwenda hospitali.

Mgonjwa wako akichanganyikiwa, ufanye nini?

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo haya. Mtu wako wa nyumbani aliyekuwa mzima mwezi uliopita sasa hajui jina la mwanawe, anapepesuka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Huenda ni prioni? Ni vigumu sana, kwa kuwa ni ugonjwa adimu mno. Lakini kuna magonjwa mengi yanayofanana nao ambayo yana tiba. Nayo ni kama haya:

Malaria iliyopanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria, ya kifua kikuu au ya kuvu. Virusi vya Ukimwi vyenyewe. Kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa. Sukari ya mwili kushuka au kupanda kupita kiasi. Upungufu wa vitamini B12. Kasoro ya tezi ya shingo. Damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya mzee kuanguka, hata kama alianguka majuma kadhaa yaliyopita. Pombe na baadhi ya dawa. Tena kuna ugonjwa ambao askari wa mwili hukosea wakaushambulia ubongo wenyewe, nao unaweza kutibiwa kwa dawa za kuituliza kinga.

Umeona umuhimu wa maji ya mgongo? Daktari akikuta askari wengi ndani ya maji, huambiwa na maji hayo kwamba prioni si jibu la kwanza. Atafute vijidudu, au atafute kinga iliyokosea njia. Maji yaliyojaa askari hutisha, lakini mara nyingi ndiyo yenye matumaini, kwa sababu yanaelekeza kwenye ugonjwa unaotibika. Ukikataa kipimo, unamfungia mgonjwa mlango huo.

Kwa hiyo mpeleke mgonjwa hospitalini mapema. Mweleze daktari mambo matatu. Kwanza, ni lini alikuwa mzima kabisa mara ya mwisho. Pili, mabadiliko yalianza na nini: homa, kuanguka, degedege, usahaulifu, au kuona vibaya. Tatu, dawa zote anazotumia, zikiwamo za kienyeji. Usimfiche daktari chochote. Kubali kipimo cha Ukimwi na kipimo cha maji ya mgongo.

Kwa mtoto, usingoje siku. Mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya, utosi wake umefura, shingo imekakamaa, amelegea au amepatwa na degedege, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na nawasihi jambo moja zaidi. Sehemu nyingine za nchi yetu, wazee waliochanganyikiwa akili wameitwa wachawi, wakapigwa na hata kuuawa. Nyanya anayetembea usiku bila kujua aendako ni mgonjwa. Mfunike shuka, mshike mkono, mrudishe ndani, asubuhi mpeleke hospitali.

Ikiwa ni ugonjwa wa prioni kweli

Tuseme vipimo vimefanywa, na madaktari wamesema kwamba ni Creutzfeldt-Jakob. Tumaini la kupona halipo, lakini kazi ya kumtunza ipo, tena ni kazi kubwa.

Hamwezi kuambukizwa kwa kumshika mkono, kumwogesha, kumbusu, kula naye, kufua nguo zake au kulala chumba kimoja. Msimtenge. Prioni hukaa hasa katika ubongo, ugwe mgongo na macho. Kwa hiyo, akihitaji upasuaji wowote, waelezeni wahudumu mapema, kwa sababu uchemshaji wa kawaida wa vifaa hautoshi kuua prioni. Wala asitoe damu kumsaidia mtu mwingine. Akifariki, zungumzeni na hospitali juu ya kuutayarisha mwili. Mnaweza kumwaga na kumzika kwa heshima zenu zote.

Nyumbani, mlisheni akiwa ameketi wima, chakula laini na uji mzito kidogo, kijiko kidogo kidogo, ili asipaliwe. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulala. Kelele na kuguswa ghafla humshtua. Semeni naye taratibu kabla ya kumgusa, na punguzeni sauti ya redio, hata kama ni kipindi hiki! Mwombeni daktari dawa za kupunguza maumivu na mishtuko ya misuli.

Tena mkumbuke anayemtunza. Kazi hii isiachiwe mke au binti mmoja peke yake. Pangeni zamu. Jirani akija kuomba, akimaliza sala abaki saa mbili ili mama apate kulala.

Ikiwa katika ukoo mmoja watu wawili au zaidi wameugua hivi, mwambieni daktari, ili mpewe ushauri juu ya urithi. Kwa familia nyingi haurithiwi, na watoto hawana sababu ya kuishi kwa hofu.

Je, nyama ya ng'ombe?

Mtakumbuka habari za kichaa cha ng'ombe. Uingereza iliutambua ugonjwa huo kwa ng'ombe mwaka 1986. Ulienea kwa sababu ng'ombe walilishwa unga uliotengenezwa kwa nyama na mifupa ya mifugo wengine. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba ulikuwa umewapata watu, na katika nchi hiyo walikufa watu 178, wengi wao vijana. Baada ya ulishaji huo kupigwa marufuku, ugonjwa ulipungua mno. Somo kwa mfugaji ni rahisi: ng'ombe ni mla nyasi. Usimlishe nyama wala unga wa mifupa ya mifugo, na kula nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, sindano ya maji ya mgongo huokoa maisha. Uliza maswali yako yote, kisha ukubali.

Pili, mtu akichanganyikiwa kwa siku au majuma, huo si uzee. Ni ugonjwa unaohitaji daktari, na mara nyingi unaweza kutibika.

Tatu, askari wengi ndani ya maji humwelekeza daktari kwenye magonjwa yenye tiba. Katika ugonjwa wa prioni maji huwa kimya, ingawa kinga inapigana ndani ya ubongo.

Nne, ugonjwa wa prioni hauambukizwi kwa kumtunza mgonjwa. Mkaribieni.

Kwa vikundi vya akina mama vinavyosikiliza pamoja, haya ndiyo maswali ya kuzungumza: Katika kijiji chetu, watu husema nini juu ya sindano ya mgongo, na tutawajibu vipi? Ni nani miongoni mwetu anamtunza mzee aliyechanganyikiwa, na juma hili tutampokea zamu siku gani?

Hilo swali la pili msiliache hewani. Chagueni siku kabla ya kutawanyika. Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kwaherini, na Mungu awape nguvu ninyi mnaotunza wagonjwa.